Bendera ya Marehemu na Kanuni za Mtaa



Juma hili tumeiweka kando mada ya mahari tuliyokuwa tumeiahidi, kwa sababu ya barua moja iliyotufikia kutoka Nanyuki. Tuliisoma mara ya kwanza tukanyamaza. Tuliporudia kuisoma tukaona kwamba jibu lake halimhusu mwandishi peke yake.

Aliyeiandika ni binti wa Mji wa Kale, Mombasa. Miaka kumi na mmoja iliyopita aliolewa na kijana wa Kiislamu wa Nyeri, mwanajeshi, akamfuata bara kwenye baridi ambayo mama yake hadi leo humwulizia kila wanapozungumza kwa simu. Walipanga fleti ya ghorofa ya pili katika mtaa wenye ukuta, lango na soja wa zamu. Mume alikuwa akienda kazini ng'ambo ya mpaka na kurejea. Safari ya mwisho alirejeshwa na wenzake. Jeneza lilifunikwa bendera ya taifa mpaka makaburini Nyeri, na ulipofika wakati wa kuzika, wanajeshi wenzake waliikunja bendera ile kwa utaratibu wao wakamkabidhi baba wa marehemu, naye akampelekea mkwewe nyumbani. Pamoja nayo kulikuwa na kibendera kidogo chenye nembo ya kikosi alichokitumikia.

Mwanawe wa miaka tisa ndiye aliyetaka bendera itundikwe. Mama akaifunga kwenye vyuma vya roshani, kubwa na ndogo, ubavu kwa ubavu. Juma la tatu keateka alimletea barua ya kamati ya wakaazi: kanuni haziruhusu kitu chochote kuning'inizwa kwenye roshani isipokuwa vyungu vya maua, aitoe katika siku saba, na akiwa na neno, afike kikaoni siku ya Alhamisi, saa mbili usiku. Hakufika. Alikuwa katika eda, na kutoka usiku kwenda kukaa katika kikao cha watu wasiomhusu hakukuona kuwa kwamfaa. Katika kumbukumbu za kikao pakaandikwa kwamba amewadharau. Siku ya nane alifungua mlango akaikuta bendera imewekwa chini, ndani ya boksi la maji ya chupa. Kibendera cha kikosi hakikuwemo. Jioni mwanawe alikiona mikononi mwa watoto waliokuwa wakichezea penye maegesho ya magari.

Na kwenye roshani inayokabili yake, aliandika, bendera ya timu ya mpira ya Uingereza yapepea tangu Agosti, wala hakuna aliyeandikiwa barua.

Maswali yake yalikuwa mawili. Je, anayo haki ya kuitundika bendera hiyo? Na je, kidini alikosea alipoitundika? Kisha chini kabisa, baada ya saini yake, aliongeza sentensi ambayo ndiyo iliyotukalisha kitako: "Nilipoitundika, watu walianza kunisalimu."

Kusikiliza upande wa pili

Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomtuma Ali Yemen akawe kadhi, alimuusia asihukumu baina ya wawili mpaka amsikilize wa pili kama alivyomsikiliza wa kwanza. Wasia huo watuhusu na sisi wenye kalamu. Kwa idhini ya mwandishi wa barua tulimpigia simu katibu wa kamati ile. Tulitarajia ukali, tukakutana na mtu mpole aliyechoka.

Alitueleza hivi. Kanuni ya roshani ilitungwa zamani, kwa ajili ya nguo za kufua na mazulia yaliyokuwa yakiwadondokea walio chini. Kisha ukaja msimu wa uchaguzi, na bendera za vyama zikazua matusi ngazini hadi majirani wawili wakafikishana polisi. Tangu hapo kamati ikaamua: hakuna bendera. Sababu ya tatu aliitaja kwa sauti ya chini. Katika mtaa ule zinaishi familia nyingine za wanajeshi na za polisi, nazo zimeomba nyumba zao zisijulikane.

Sababu hii ya mwisho si ya kupuuzwa. Tangu majeshi ya Kenya yalipovuka mpaka kuingia Somalia, Oktoba 2011, familia nyingi za watumishi hao zimejifunza kuanika sare ndani ya nyumba na kuwafunza watoto wasiseme baba yuko wapi. Nanyuki ni mji wa kijeshi; kambi ya jeshi la anga la Laikipia iko hapo, na wanajeshi wa Uingereza wanayo kambi yao ya mazoezi hapo hapo. Nyeri nayo ina chuo cha polisi cha Kiganjo, ambako vizazi vya askari wa nchi hii vimefundishwa gwaride. Katika miji ya namna hii, bendera ya kikosi juu ya roshani humwambia jirani "hapa pana msiba wa heshima", na huenda ikamwambia mpita njia mwenye nia mbaya "hapa anakaa mke wa mwanajeshi". Mjane yule hakuwa amelifikiria hilo. Tulipomweleza, alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Hilo wangeniambia, ningelifahamu."

Hapo ndipo tunapoiona kasoro ya kamati. Sababu nzuri ilikuwepo, nayo haikuandikwa katika barua. Barua ilitaja vyungu vya maua.

Sheria yasemaje

Tuitazame sheria kwa ufupi, maana dada na mama zetu wengi sasa wanaishi katika fleti na mitaa yenye lango, huku Pwani na huko bara, na aghalabu hutia saini mikataba bila ya kuisoma.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 9, imeitaja bendera kuwa ya kwanza miongoni mwa alama za taifa. Ipo pia Sheria ya Bendera ya Taifa, Nembo na Majina, Sura ya 99, inayolinda heshima ya bendera: haiwezi kutumiwa kibiashara kiholela, kuidhalilisha ni kosa, na hata kwenye magari si kila mkubwa anayeruhusiwa kuipeperusha. Mwenye kuitundika nyumbani basi, ajue kwamba ameshika kitu chenye adabu zake. Isichakae juani mpaka ikawa kitambaa cha kufutia, isifungwe chini ya nguo zilizoanikwa, wala isitiwe katika boksi la maji.

Kwa upande wa nyumba, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020 imeweka kwamba wenye fleti katika jengo moja huunda shirika lao la pamoja, nalo hutawaliwa kwa kanuni. Kanuni hizo humfunga mwenye nyumba na mpangaji wake. Roshani huenda ikawa yako kwa kukaa, lakini sura ya jengo ni ya wote. Kwa hiyo kamati kuweka mpaka juu ya vinavyoning'inizwa si dhuluma. Lakini sheria hiyo hiyo yataka pawe na kamati ya ndani ya kusuluhisha migogoro kabla watu hawajafikishana mbali. Maana yake ni kwamba mkaazi anayo haki ya kulalamika na kusikilizwa, na kanuni zaweza kubadilishwa na wenyewe walioziweka. Hazikuteremshwa kutoka mbinguni.

Jambo hili halikuanzia Nanyuki. Huko Marekani, ambako mitaa yenye vyama vya wenye nyumba ni mingi sana, magomvi ya bendera yalikithiri hata Bunge lao likapitisha sheria, iliyotiwa saini Julai 2006, kwamba chama cha mtaa hakiwezi kumkataza mtu kutundika bendera ya taifa nyumbani kwake. Sheria hiyo ilikiachia chama uwezo wa kuweka masharti ya busara juu ya wakati, mahali na namna ya kuitundika. Lakini haikugusa bendera za vikosi. Ikabidi majimbo yajazie: Texas ikaruhusu bendera za matawi ya jeshi, na Florida ikaendelea hata kuwataja wazima moto, polisi na wahudumu wa ambulansi. Sisi hatuna sheria ya namna hiyo nchini, wala hatudhani kwamba kila chozi lahitaji sheria ya Bunge. Twalitaja ili ijulikane kwamba wenye nyumba na majirani zao wamekwisha kuligombania hili mahali pengine, na waliotulia ni wale walioafikiana juu ya wakati, mahali na namna.

Iko alama moja ambayo twawaonya wasomaji wetu wenye waume au watoto katika kazi za uokoaji: msalaba mwekundu na hilali nyekundu. Waislamu wengi huipenda hilali nyekundu, iliyoanza kutumiwa na Dola ya Uthmaniya katika vita vya 1876 hadi 1878, na kutambuliwa rasmi katika Mkataba wa Geneva wa 1929. Lakini alama hizi mbili ni za ulinzi vitani. Maana yake kwa mwenye silaha ni "hapa pana majeruhi na waganga, usipige". Sheria ya Mikataba ya Geneva, Sura ya 198, inazilinda zisitumiwe ovyo. Kijana wako akiwa dereva wa ambulansi, mshonee kanzu nzuri, lakini alama ile usiitundike dirishani.

Salamu zilizoanza na kitambaa

Sasa turejee kwenye ile sentensi iliyo chini ya saini.

Mwandishi wetu alivaa buibui Nanyuki miaka kumi na mmoja. Alinunua mboga katika duka lile lile, akampeleka mtoto shule ile ile. Anasema majirani hawakuwa wabaya. Walikuwa mbali tu. Mwezi wa Januari 2019, baada ya shambulio la hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi, habari zilipoenea kwamba mmoja wa washambuliaji alikuwa na nasaba katika miji hii ya Mlima Kenya, umbali ule ukawa mrefu zaidi. Mwanamke mmoja alimhamisha mtoto wake kutoka kiti kilichokuwa karibu naye kwenye matatu. Siku hiyo hiyo mumewe alikuwa zamu mpakani, akiwalinda yeye, na mwanamke yule, na mtoto wake.

Ndipo tukafahamu kile ambacho bendera ile ilimfanyia. Juu ya roshani ilisema lile alilokuwa akishindwa kulisema kwenye ngazi: nyumba hii imetoa. Watu wakalisoma, wakamsalimu. Kisha ikaondolewa usiku, na kumbukumbu za kikao zikaandika kwamba amedharau.

Twawaomba radhi wale watakaoona tunasema kwa uchungu. Muislamu wa Nyeri, wa Nanyuki, wa Karatina au wa Meru hapaswi kuning'iniza kitambaa ndipo ajulikane kuwa mwananchi. Uraia wake haukuja na jeneza. Lakini iwapo amekwisha kuzika, naye akataka kuonyesha alichokitoa, basi mwenye kumzuia na azingatie anazuia nini. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa.

Sisi watu wa Pwani tungelifahamu jambo hili kuliko wengine, maana tumekua chini ya maneno ya bendera. Bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilipepea juu ya Ngome ya Yesu, Mombasa, miaka yote ya utawala wa Mwingereza, ikikumbusha kwamba ukanda wa maili kumi una mwenyewe, ingawa amri ilikuwa ikitoka kwingine. Ilishuka mwaka 1963. Na usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba mwaka huo huo, Kisoi Munyao aliipandisha bendera mpya ya Kenya juu ya Mlima Kenya, katika baridi ambayo sisi wa kanga mbili hatuijui. Miji ile iliyo chini ya mlima ikaamka ikiwa chini ya bendera ile ile tuliyoamka nayo sisi huku Kizingo na Kibokoni.

Tena miji hiyo yajua kuhifadhi kumbukumbu za waliopigana. Katikati ya Nyeri pana mnara unaowakumbuka Wakikuyu waliokufa wakipigania uhuru, kuanzia 1951 hadi 1957. Uwanja wa Ruring'u uliwapokea wapiganaji waliotoka msituni Desemba 1963. Nyeri na Nanyuki zote zina makaburi ya vita yanayotunzwa hadi leo. Hapo Nyeri pia ndipo alipozikwa Baden-Powell mwaka 1941, jemadari wa Kiingereza aliyeanzisha chama cha Maskauti. Juu ya jiwe la kaburi lake pamechorwa duara lenye nukta katikati, alama ya Maskauti yenye maana kwamba mwenye safari amekwenda kwao. Alama ndogo namna hiyo, na maelfu wamesafiri kuitazama.

Basi mji unaojua thamani ya duara na nukta hautashindwa kuifahamu roshani ya mjane.

Bendera ya Jaafar na chakula cha watu wa Jaafar

Swali la pili lilikuwa la dini, nalo twalijibu kwa kisa ambacho wengi wetu tulikisikia madrasa.

Katika mwaka wa nane wa Hijra, jeshi la Waislamu lilikutana na Warumi huko Mu'ta. Mtume alikuwa amewapanga washika bendera watatu kwa zamu: Zayd bin Haritha, akiuawa ashike Jaafar bin Abi Talib, akiuawa ashike Abdullah bin Rawaha. Wote watatu waliuawa. Yasimuliwa kwamba Jaafar alikatwa mkono wa kulia, akaishika bendera kwa wa kushoto; ukakatwa wa kushoto, akaikumbatia kwa mapande ya mikono, radhi za Allah ziwe juu yake. Kwa hiyo mwenye kudai kwamba bendera haina nafasi katika kumbukumbu za Kiislamu, na asome upya. Bendera ni alama. Haiabudiwi, haiombwi, haipunguzi wala haizidishi thawabu za maiti. Lakini yaweza kubeba heshima, na amali huhukumiwa kwa nia yake. Mama aliyeitundika kwa kumkumbuka mumewe na kumtuliza mwanawe, hatuoni alikokosea. Kama bado ana wasiwasi, imamu wa msikiti wake yuko karibu naye kuliko sisi.

Lakini kisa hakikuishia kwenye medani. Habari ilipofika Madina, Mtume alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Jaafar. Mkewe, Asma bint Umays, alikuwa amekwisha kanda unga, amewaogesha watoto na kuwapaka mafuta. Mtume akaomba aletewe watoto wale, akawakumbatia na kuwanusa, na machozi yakamtoka. Kisha akawaambia watu wake wawapikie chakula watu wa Jaafar, kwa kuwa wamefikwa na jambo lililowashughulisha.

Zingatieni mpangilio huo, enyi mama na dada zetu. Kulikuwa na shujaa, kulikuwa na bendera iliyoshikwa mpaka mwisho, na jambo la kwanza lililofanywa mjini lilikuwa watoto kukumbatiwa na sufuria kutiwa motoni. Jamii iliyoruhusu bendera ipepee, kisha ikamwacha mjane alipe kodi ya nyumba peke yake, haijafanya kitu. Na jamii iliyoishusha bendera bila ya kubisha hodi imefanya kibaya zaidi.

Eda nayo ina hukumu zake. Mjane hukaa miezi minne na siku kumi katika nyumba yake, akijizuia na mapambo, wala hatoki ila kwa haja. Majirani zetu wasio Waislamu hawalijui hili mpaka waambiwe. Katibu wa kamati hakulijua. Alituambia waziwazi: "Tulidhani amekasirika." Mtu mmoja tu angalimweleza, shemeji au mzee wa msikiti, kikao kile kingaliandika maneno mengine. Lawama hii twaichukua sisi Waislamu. Twafiwa kimya kimya, twazika upesi kama tulivyoamrishwa, kisha twastaajabu majirani wasipojua kwamba nyumba ina msiba.

Nasaha zetu

Kwa familia iliyofiwa katika mtaa wenye kanuni: kabla ya kutundika, ombeni kanuni zenyewe mzisome, msitegemee maneno ya mlangoni. Muwe na mwakilishi, awe kaka, shemeji au baba mkwe, wa kuzungumza na kamati wakati wa eda. Andikeni barua fupi ya kueleza msiba na eda, na nakala ibaki kwenu. Fikirini usalama pia: bendera ya taifa haimwonyeshi mpita njia kazi ya mwenye nyumba, lakini ya kikosi yamwonyesha. Ya taifa yaweza kukaa roshani, ya kikosi ikakaa sebuleni, mahali ambapo mtoto ataiona kila atokapo kwenda shule.

Kwa walio katika kamati, na twajua wapo wasomaji wetu ambao ni wanakamati huko Nyali, Bamburi na Kizingo: andikeni sababu halisi katika barua zenu. Kanuni iwe moja kwa wote. Ikiwa bendera ya mjane yashuka, ya mpira nayo ishuke siku hiyo hiyo. Wekeni siku maalumu, mathalani Madaraka, Mashujaa na Jamhuri, pamoja na siku arubaini za mwanzo za msiba, ambapo mwenye nyumba ataruhusiwa. Tajeni ukubwa wa kitambaa ili kisimzibie jirani mwanga. Na asitumwe keateka kuondoa kitu cha marehemu mlangoni mwa mtu. Mwenyekiti na aende mwenyewe, abishe hodi, na kama mlango ni wa mwanamke mjane, aende na mkewe.

Na kwa majirani wote: salamu zisingoje bendera.

Wengi mtataka kujua mambo yaliishia wapi. Baba mkwe wa mwandishi wetu, mzee wa Nyeri mwenye Kikuyu chake safi na kofia yake ya vito, alifunga safari hadi Nanyuki akakaa na kamati mchana mmoja. Alitoka na maneno yaliyoandikwa: bendera ya taifa yaruhusiwa katika siku za taifa, kutoka asubuhi hadi jua kutua, kwa kila fleti inayotaka, za vyama na za mpira haziruhusiwi kabisa, za vikosi zibaki ndani kwa usalama wa wote. Yule wa timu ya Uingereza aliiondoa yake akinung'unika. Kibendera cha kikosi kilirudishwa, kimefuliwa na kupigwa pasi. Aliyekifua ni mama wa fleti ya chini, Mkristo, mweka hazina wa kamati.

Mwandishi wetu alimtambua kwa sauti. Siku ya tanzia, nyumba ilipokuwa imejaa wageni kutoka Nyeri na yeye hajui pa kuanzia, aligonga mlango mtu aliyekuwa amebeba sufuria ya mukimo na chupa mbili za chai, akaziacha kwa watoto akaondoka bila ya kutaja jina. Alikuwa ni yeye. Alipiga kura bendera ishushwe, na alileta chakula. Yote mawili aliyafanya kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba nyumba ni moja.

Eda imebakiwa na siku chache. Bendera imekunjwa ndani ya kasha pamoja na karafuu na ubani, na mtoto anazihesabu siku za kufikia tarehe 20 Oktoba.

Ya Allah, warehemu waliotutangulia, wape subira wajane na mayatima wao, na utujaalie kuwa majirani wanaobisha hodi kabla ya kuandika barua. Amin.

Wabillahi tawfiq.